Mapadri wawili na mashini za kuhesabu

Mafratri wa seminari kubwa wanauliza mara kwa mara swali moja, wakiwa bado na vitabu vya Mtakatifu Tomaso mkononi: mashini hizi za leo, zinazoandika barua, zinazotafsiri lugha na kujibu maswali, zilitoka wapi? Na padri ana neno gani nazo? Wengine wanaziogopa kama uganga mpya. Wengine wanazipenda kupita kiasi, wakidhani zitawaondolea taabu ya kujifunza Kilatini. Katika kurasa hizi sitazisifu wala sitazilaani. Nitasimulia habari za mapadri wawili waliozitumia mapema, wakati zilipokuwa bado nzito kama kabati la sakristia, na kila mtu aliona kwamba ni vyombo vya wenye maduka na mabanki. Mmoja alihesabu njia za nyota. Mwingine alihesabu maneno. Nitakaa zaidi na huyu wa pili, kwa kuwa kazi yake iko karibu zaidi na meza yetu ya masomo.

Wa kwanza ni Georges Lemaître, Mbelgiji, mzaliwa wa Charleroi, mwaka 1894. Alianza masomo ya injinieri wa migodi huko Louvain. Vita vya 1914 vikayakatiza, akawa askari wa mizinga. Vita vilipokwisha aliacha habari za migodi, akasoma hesabu, akaingia seminari huko Malines, akapewa upadri mwaka 1923. Watu wanamjua kwa jambo moja. Mwaka 1927 aliandika, katika gazeti la wataalamu wa Bruxelles ambalo wachache walilisoma, kwamba galaksi, yaani yale makundi makubwa mno ya nyota, zinaachana na kwenda mbali, kwa sababu ulimwengu wenyewe unatanuka. Mwaka ule ule Einstein alimwambia kwamba hesabu zake ni sawa, lakini fizika yake haipendezi hata kidogo. Baadaye Einstein akalegeza. Mwaka 1931 Lemaître alisogea hatua nyingine: kama vyote vinaachana leo, basi zamani vilikuwa pamoja, katika kitu kimoja alichokiita atomu ya kwanza.

Hayo yamesimuliwa sana. Yasiyosimuliwa sana ni kwamba padri huyu alikuwa mpenzi wa mashini. Tazama sababu yake. Kutoka angani chembe ndogo mno zinaipiga dunia yetu usiku na mchana. Wataalamu wanaziita mionzi ya kosmiki. Katika miaka ya 1920 Mmarekani Millikan alishika kwamba ni namna ya mwanga. Lemaître alidhani kwamba ni chembe zenye umeme, na tena kwamba ni masalio ya ule mwanzo wa vitu vyote. Jinsi ya kujua? Dunia ni kama sumaku kubwa. Ndiyo sababu busola inaelekea kaskazini. Chembe yenye umeme ikiikaribia, inapindwa na sumaku hiyo. Mwanga haupindwi. Basi, kama ni chembe, zitafika chache karibu na mstari wa katikati ya dunia, na nyingi zaidi upande wa ncha zake. Mholanzi Jacob Clay, akisafiri kwa meli kati ya Java na Uholanzi, alikuwa ameona tangu 1927 kwamba kweli zinapungua kila unapokaribia katikati.

Lakini kufuata njia ya chembe moja tu ni kazi ya kuchosha. Njia hiyo haiandikwi kwa kanuni moja fupi: inajikunja, inarudi, inazunguka. Lazima kuihesabu kipande kwa kipande, kama mtu anayevuka pori usiku na taa yake inamulika hatua moja tu mbele ya miguu. Mnorwe Carl Størmer, aliyetaka kueleza mianga inayocheza usiku katika anga la kaskazini, alikuwa amemaliza miaka na miaka katika hesabu hizo, yeye na wasaidizi wake, kwa mkono. Wale wanaochunguza leo plasma, yaani hewa iliyovunjwa na umeme au na joto mpaka chembe zake zenyewe zikawa na umeme (jina hilo lilitolewa na Irving Langmuir mwaka 1928), wanakutana na taabu ya jamaa ile ile: chembe nyingi mno, kila moja na njia yake, na hakuna mkono wa mtu unaoweza kuzifuata zote.

Katika miaka ya 1930 Lemaître alishirikiana na Manuel Vallarta, Mmeksiko aliyefundisha huko Massachusetts. Hapo palikuwa na mashini ya profesa Vannevar Bush, iliyojaza chumba kizima: vyuma virefu, magurudumu, meno ya chuma yanayosukumana, na kalamu inayochora mwishoni njia yenyewe. Kwa msaada wa mashini ile na wa wanafunzi wengi, walionyesha ni pande zipi za anga chembe zinaweza kupita, na zipi zimefungwa. Neno la Millikan likaanguka. Mionzi ile ni chembe zenye umeme kweli.

Hata hivyo katika sehemu ya pili ya dhana yake Lemaître alikosa. Chembe zile si masalio ya mwanzo wa ulimwengu. Leo tunajua kwamba nyingi zinatoka katika nyota zilizopasuka. Masalio ya kweli yalipatikana baadaye, nayo kumbe ni mwanga hafifu usioonekana kwa macho, uliogunduliwa na Wamarekani Penzias na Wilson na kutangazwa mwaka 1965. Lemaître aliletewa habari hiyo hospitalini, siku chache kabla ya kufa kwake mwezi wa 6 mwaka 1966. Napenda sana habari hii. Mashini haikudanganya, lakini pia haikumwambia mwenye kuiuliza kwamba nusu ya swali lake ilikuwa mbovu.

Mwaka 1958, akiwa na miaka 64, aliingiza katika universite ya Louvain mashini yake ya kwanza ya elektroniki, Burroughs E101, yenye ukubwa wa meza. Amri za mashini ile hazikuandikwa kwa maneno. Zilipangwa kwa kuchoma pini katika ubao wenye matundu, na profesa mzee alijifunza kuzichoma mwenyewe. Aliitumia kwa kazi aliyoipenda katika miaka yake ya mwisho: kuhesabu jinsi galaksi zinavyokusanyika katika makundi, jinsi moja inavyoingia katika kundi na nyingine inavyotoka. Ni Louvain hiyo hiyo iliyozaa Lovanium, mwaka 1954, juu ya kilima karibu na Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Na rekta wake wa miaka ile, Monsinyori Luc Gillon, alikuwa naye padri na mtu wa fizika. Basi, ndugu wasomaji, habari hizi haziko mbali na nyumba yetu kama mnavyodhani.

Neno moja tena juu yake, kwa ajili ya wale wanaotaka kuchota hoja za dini katika kila kitabu cha sayansi. Tarehe 22 mwezi wa 11, 1951, Baba Mtakatifu Pio XII aliwaambia wataalamu wa Akademia ya Vatikano maneno ambayo wengi waliyasikia hivi: sayansi imethibitisha uumbaji. Lemaître hakufurahi. Kwake yeye, atomu ya kwanza ilikuwa dhana ya fizika, nayo iliweza kusimama au kuanguka kama dhana nyingine, bila kuivuta imani pamoja nayo. Mwaka uliofuata Baba Mtakatifu alihutubia tena wataalamu wa nyota, asirudie neno lile. Na mwaka 1960 padri huyo aliyenung'unika kwa adabu aliwekwa kuwa mkuu wa Akademia ile ile.

Lemaître alikuwa mtu wa hesabu, na si ajabu mtu wa hesabu akitafuta mashini ya kuhesabu. Ajabu ni padri wa pili. Yeye hakuwa na tarakimu hata moja. Alikuwa na neno la herufi mbili.

Roberto Busa alizaliwa Vicenza, Italia, mwaka 1913. Katika seminari ya Belluno alisoma pamoja na kijana Albino Luciani, yule aliyekuwa baadaye Papa Yohane Paulo I. Mwaka 1933 aliingia katika Shirika la Yezu, akitumaini kutumwa misioni. Mkuu wake alimwuliza kama angependa kuwa profesa. Akajibu kwamba hapana, hata kidogo. Mkuu akamwambia: basi, utakuwa profesa vile vile. Hivyo badala ya misioni akapata falsafa, na katika miaka ya vita alianza kuandika kitabu cha udaktari kwa Universite ya Gregoriana, juu ya neno «kuwapo» katika mafundisho ya Mtakatifu Tomaso: Mungu yupo namna gani katika vitu? Roho ipo namna gani katika mwili?

Alianza kama kila mwanafunzi mwema angalianza. Alitafuta katika faharasa neno «praesens» na ndugu yake «praesentia». Akaona kwamba maneno hayo makubwa hayabebi mzigo. Mtakatifu Tomaso anapoeleza jinsi kitu kinavyokuwa ndani ya kingine, mzigo wote anautwika neno dogo «in». Na ni nani aliyewahi kutengeneza faharasa ya neno «in»? Watengenezaji wa faharasa wanalitupa kama pumba. Basi Busa alichukua vitabu, akasoma, na kila alipokuta «in» pamoja na maneno yanayolihusu, akaandika fishi moja kwa mkono, ni kipande cha karatasi ngumu chenye sentensi na mahali pake. Alifika kwenye fishi 10,000. Alitetea kitabu chake mwaka 1946, na kikapigwa chapa mwaka 1949.

Mtu mwingine angalipumzika hapo. Busa alijiuliza: kama neno dogo namna hii limebeba fundisho zima, ni maneno mangapi mengine madogo yanangoja? Tena mwandishi hujulikana vizuri zaidi kwa maneno anayoyasema bila kuyafikiria. Kwa hiyo akataka faharasa ya maneno yote ya Mtakatifu Tomaso, hata «et», hata «non». Yote, pamoja na maandiko ya watu wengine yaliyochanganyika na yake zamani, ni maneno zaidi ya milioni 10.

Kazi ya namna hii haikuwa mpya katika Kanisa. Katika karne ya 13, huko Paris, Wadominikani wakiongozwa na Hugo wa Saint-Cher walitengeneza konkordansi ya kwanza ya Biblia ya Kilatini. Mapokeo yanasema kwamba ndugu 500 walisaidia. Busa hakuwa na ndugu 500. Ndipo akawaza juu ya mashini.

Mwaka 1949 alikwenda Marekani, akazunguka katika universite nyingi akiuliza kama kuna chombo kinachoweza kupanga maneno. Mwishoni alifika New York, kwa mzee Thomas Watson, mkubwa wa kampuni ya IBM. Mashini za IBM wakati ule zilisoma fishi zenye matundu: tundu mahali hapa ni tarakimu hii, tundu mahali pale ni nyingine. Mabanki na treni zilizitumia kwa hesabu za fedha. Alipokuwa akingoja katika chumba cha wageni, Busa aliona ukutani tangazo la kampuni lililojisifu kwamba yaliyo magumu wanayatenda mara moja, na yasiyowezekana yanawachelewesha kidogo tu. Akalichukua, akaingia nalo. Watson alikuwa na karatasi ya mafundi wake mezani, iliyosema kwamba anachotaka padri huyu hakiwezekani. Busa akaweka tangazo mbele yake. Mzee akakubali, kwa sharti moja la mzaha: kwamba padri asije akaligeuza jina la IBM, ile B ikawa ya Busa. Habari hii tunaipata kwa Busa mwenyewe, aliyependa kuisimulia, na mtu anayesimulia kwa miaka hamsini huenda akaipaka mafuta kidogo. Lakini msaada ulikuwa wa kweli. Kampuni ilimpa mashini, na ilimpa fundi wake Paul Tasman, aliyefanya kazi naye kwa miaka mingi.

Mwaka 1951 walitoa kitabu kidogo cha mfano: maneno ya tenzi za Mtakatifu Tomaso za Ekaristi, yaliyopangwa na kupigwa chapa kwa mashini. Hapo walijaribu njia nzima. Mtu anatoboa kila mstari katika fishi. Mashini inakata mstari ule, inatoa fishi moja kwa kila neno, pamoja na alama ya mahali pake. Mashini nyingine inapanga fishi kwa alfabeti. Ya tatu inachapa orodha. Baada ya Mtakatifu Tomaso walijaribu pia maandiko ya Kiebrania na Kiaramu yaliyopatikana katika mapango ya Qumran tangu 1947. Na si Wakatoliki tu: mwaka 1957 mchungaji wa Anglikana huko Marekani, John Ellison, alitoa konkordansi ya Biblia ya Kiingereza iliyotengenezwa na mashini ya elektroniki.

Mnaweza kudhani kwamba tangu hapo kazi ilikuwa ya kubonyeza tu. Hapa ndipo penye kiini cha habari yote. Tuchukue neno «liber». Ni kitabu, au ni mtu huru? «Cum» ni «pamoja na», au ni «wakati ambapo»? «Populus» ni taifa la watu, au ni mti fulani wa Ulaya? Machoni pa mashini ni herufi zile zile, na fishi zote zinakwenda katika sanduku moja. Kwa upande mwingine «est», «sunt», «fuit» na «esse» ni watoto wa mama mmoja, lakini mashini inawatawanya katika masanduku matatu, kwa sababu herufi zao za kwanza hazifanani zote. Ilibidi mtu mwenye Kilatini aketi, asome kila umbo, na kuamua: hili la nani? Walianza na kamusi kubwa ya Forcellini ya karne ya 18, wakaitia kwanza katika mashini, ndipo wakawapa maneno ya Mtakatifu Tomaso wazazi wao. Nafikiri kazi hii ya kuamua, ambayo haionekani katika picha za mashini zinazong'aa, ndiyo iliyokuwa elimu yenyewe.

Na ni nani waliotoboa fishi? Huko Gallarate, mji wa viwanda vya nguo karibu na Milano, Busa alifungua mwaka 1954 chuo cha kufundisha kazi hiyo, na baadaye akaweka kazi yake katika jengo lililokuwa zamani kiwanda cha nguo. Walioingia humo walikuwa zaidi wasichana wa nchi ile. Wengi hawakuwa wamesoma Kilatini. Waliketi mbele ya mashini zinazopiga kelele, wakatoboa herufi kwa herufi lugha wasiyoijua. Kisha msichana mwingine aliandika tena mstari ule ule juu ya fishi ile ile, katika mashini ya kusahihisha. Kidole chake kisipopatana na tundu, mashini ilisimama, na kosa likaonekana. Kuna waliosema kwamba asiyejua Kilatini alikosa mara chache zaidi, maana anayekijua anaandika kile anachotazamia kukiona, na asiyekijua anaandika kile kilichopo. Wale wanaosahihisha mitihani ya wanafunzi wataelewa. Katika mwaka 1962 nyumba ile ilikuwa na wafanya kazi zaidi ya 60.

Kuhusu wasichana hawa nina neno. Kwa muda mrefu historia ya kazi hii iliandikwa kama habari ya watu wawili, padri na tajiri, na tangazo lao la ukutani. Ni katika miaka ya 2010 tu wataalamu, kama Julianne Nyhan huko London na Marco Passarotti huko Milano, walipowatafuta wale waliokuwa bado hai, wakaketi nao na kuandika kumbukumbu zao. Walikuwa wamezeeka. Busa mwenyewe alitoa hesabu moja ambayo ingefaa kuandikwa mlangoni pa kila nyumba ya mashini: kazi nzima ilikula saa zisizofika 10,000 za mashini, na saa zaidi ya milioni moja za watu.

Kutoboa kulikwisha mwaka 1967. Fishi zilikuwa kama mlima, kwa hiyo maneno yakahamishwa katika kanda za sumaku 1,800. Busa alisema kwamba zikinyoshwa zingefika kama kilomita 1,500. Kazi ikahama kutoka Gallarate mpaka Pisa, kutoka Pisa mpaka Boulder huko Marekani, kisha ikarudi Venezia. Mtakatifu Tomaso alikufa mwaka 1274. Miaka 700 kamili baadaye, mwaka 1974, kitabu cha kwanza cha Index Thomisticus kilitoka. Cha mwisho kilitoka mwaka 1980. Vilikuwa 56, vyenye kurasa karibu 70,000. Seminari ngapi zingeweza kuvinunua, na kuvipatia rafu? Lakini mwaka 1989 vyote viliingia katika sahani moja ndogo, na tangu 2005 viko katika intaneti, na fratri yeyote mwenye simu na umeme kidogo anaweza kutafuta neno «in» bure. Padri Busa alikufa Gallarate mwaka 2011, akiwa na miaka 97.

Sasa turudi kwetu. Tuseme fratri mmoja anataka kufanya katika Kiswahili kile Busa alichokifanya katika Kilatini: kujua katekisimu zetu na tafsiri zetu za Injili zinasemaje juu ya kuwapo kwa Mungu. Atatafuta neno gani? Kilatini kina «in», neno linalosimama peke yake, lenye nafasi mbele na nyuma. Sisi tunasema «mbinguni», «moyoni», «duniani», na neno letu limejificha mkiani. Tena watu wetu hapa Kongo hawasemi daima hivyo. Wanasema «mu moyo», «ku mbingu», «pa altari», na lile «mu» si lile «ku», wala si lile «pa»: kila moja lina njia yake ya kuwa mahali. Mwenye kutafsiri Mtakatifu Tomaso kwa Kiswahili lazima achague kati ya matatu pale Kilatini kilipokuwa na moja.

Na fishi za alfabeti zingetusaidia kidogo tu. «Nilimwona», «waliona», «tutaonana», «ameonekana»: haya yote ni ya «ona», lakini moja linakwenda kwenye N, jingine kwenye W, jingine kwenye T, jingine kwenye A. Kilatini kinabadilika zaidi mwishoni mwa neno, kwa hiyo ndugu wa neno moja hukaa karibu mara nyingi. Kiswahili kinabadilika mbele na nyuma pamoja. Mtu akiipa mashini ya Gallarate Injili nzima ya Luka kwa Kiswahili, angepata sanduku la A lililojaa matendo mengi ya mtu mmoja.

Njia ya kutoka ilipatikana Finland, mahali ambapo pengine hukutazamia. Lugha ya Kifini nayo inafunga viungo vingi katika neno moja, na mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi alitoa namna ya kuifundisha mashini kufungua maneno kama hayo. Arvi Hurskainen, profesa wa Helsinki, akaichukua namna ile na kuitumia kwa Kiswahili, akatangaza kazi yake mwaka 1992. Mashini haipangi tena kwa herufi ya kwanza. Inakata neno katika viungo: «ni-li-mw-on-a», inasema nani, lini, nani ametendewa, na mzizi ni upi. Pale neno linapoweza kukatwa kwa namna mbili au tatu, inazitoa zote, kisha kanuni nyingine zinatazama maneno ya jirani ili kuchagua. Ni kazi ile ile ya «liber» na «cum», isipokuwa sasa mtu anaamua mara moja, katika kanuni, badala ya kuamua juu ya kila fishi. Kanuni zile zilitungwa kwa Kiswahili sanifu cha vitabu na magazeti. Zikikutana na katekista wetu anayesema «batu banaenda ku misa», hazina la kusema, mpaka mtu wa kwetu aketi na kuziandika.

Jaribio ni rahisi, na halitaki mashini. Chukua ukurasa mmoja wa katekisimu, andika kila neno linaloishia kwa «ni», kama Busa alivyoandika «in». Utapata «mbinguni» na «moyoni», ambayo ndiyo uliyoyatafuta. Utapata «ombeni» na «salini», ambayo si mahali bali ni amri kwa watu wengi. Utapata «imani» na «dini», ambamo «ni» ni sehemu ya neno lenyewe. Na katika sanduku lile lile, kati ya «sakramentini» na «sikieni», utampata shetani.